Matusi Mama Aliyoyafuata Mahajanga

Sijapata kuwaelewa watu wanaolipa nauli kwenda kulala mchangani. Sisi tuliokulia pwani tunajua mchanga ni nini: ni kitu cha kukung'uta miguuni kabla hujaingia ndani. Lakini kaka yangu anaishi Marseille, na watu wa huko, kama nilivyomwelewa, wasipokwenda kulala mchangani kila mwaka wanaugua. Kwa hiyo mama alipomwambia kwa simu kwamba anataka kupelekwa Mahajanga kabla magoti yake hayajagoma kabisa, kaka alijibu kwamba ni jambo jema sana, gharama zote zake, na maadamu tunakwenda Madagaska tutaanza na kisiwa cha Nosy Be, kwenye hoteli ya ufukweni, tupumzike.

"Tupumzike na nini?" mama akaniuliza baada ya kukata simu.

Mimi ni mwalimu. Kupumzika kwangu ni kuvua viatu.

Afadhali niseme mapema mama alikuwa anataka nini, maana katika safari ile ilikuwa rahisi mno kusahau. Hakutaka kuona bahari. Bahari anaiona Unguja kila akienda sokoni. Hakutaka kuiona nyumba yetu ya zamani kule Mahajanga, kwa sababu ilichomwa moto na hakuna cha kuona. Mama alitaka kutukanwa. Alitaka kutukanwa na mtu mmoja tu duniani, binti wa shangazi yake, ambaye alikuwa mtani wake tangu wote wawili wanaota meno.

Kwetu Wangazija binamu wa namna hiyo hutaniana, na Mahajanga, ambako Wangazija na Wasakalava, wenyeji wa pwani ile, walikuwa wameoana mpaka nyumba moja inakula kwa mila mbili, utani ulikuwa umekolea kupita kiasi. Mama wa binamu huyo alikuwa Mngazija, baba yake Msakalava. Nikiwa mdogo sikumsikia hata siku moja akipiga hodi kwetu. Aliingia tu, akamwambia mama kwamba baba alimuoa gizani na asubuhi akaona haya kumrudisha, akafunua sufuria, akachagua mnofu, akala kwa kusimama, na akiondoka alijitanda kanga ya mama iliyokuwa kambani. Kesho yake mama alikwenda kwake mtaa wa Mahabibo, akamwita mchawi mbele ya mumewe, akarudi na kuku mzima mkononi. Hakuna aliyemwambia mwenzake asante. Hakuna aliyemwambia mwenzake pole. Mtani wako ukimwambia asante, umemwambia yeye ni mgeni kwako.

Kisha, miaka ya sabini ikielekea mwisho, zikaja zile siku tulipowindwa Mahajanga mtaa kwa mtaa kwa sababu ni Wangazija. Sina hamu ya kuzisimulia, na walioziona hawahitaji kusimuliwa. Nitasema la mlango tu. Baba alikuwa Ngazija kwa shughuli zake. Mama alitukokota mimi na kaka kwa vichochoro mpaka Mahabibo, kwa binamu yake, ambaye kwa upande wa baba yake alihesabika Msakalava na hakuna aliyemgusa. Kaka ndiye aliyegonga. Mama aliita. Ndani tulisikia kitu kizito kikiburutwa sakafuni na kuegemezwa nyuma ya mlango, kisha kimya. Mlango haukufunguliwa. Tukaenda kujibanza kambini kwa askari pamoja na wenzetu, baadaye tukapandishwa ndege kupelekwa Ngazija, na mwishowe mjomba akatuchukua Unguja. Ndiyo maana naandika Kiswahili, na ndiyo maana mpaka leo nikisikia kabati linasogezwa hunisimama nywele.

Mama hakupata kuutaja mlango ule. Alichokuwa akilalamikia ni kwamba walipoachana hakutukanwa. Kila alipopata msafiri alituma matusi Mahajanga, mazuri kabisa, ya kupikwa, na kila msafiri alirudi na jibu la adabu: msalimuni sana, Mungu amuweke, amzidishie afya. Mama alikunja uso kama aliyelishwa shubiri. "Mungu aniweke! Nimekuwa shehe?" Kwa desturi nilipaswa kumwita mwanamke yule mama mdogo. Mimi nilimwita "yule".

Hiyo ndiyo safari kaka aliyoitia hoteli mbele.

Tulipofika Ambondrona, ufukwe wa Nosy Be, wafanyakazi wa hoteli walijipanga mstari wakatuimbia. Tukavishwa maua shingoni, tukapewa maji ya nanasi yenye mwavuli mdogo wa karatasi juu yake, na mama akauliza nani anaolewa. Swali halikuwa la kipuuzi. Pembeni, wageni wa Kizungu walikuwa wamekalishwa kwenye vigoda wanapakwa liwa usoni, ile liwa ya kusaga juu ya jiwe ambayo Mahajanga kila mwanamke anaijua, ya kukinga jua siku za kazi na kujipamba siku za harusi. Wao walichorwa maua na nyota, kisha wakapigana picha, kisha wakajitumbukiza kwenye bwawa la kuogelea ikatoka yote. Mama alitazama liwa ile ikielea majini. Alisema kwamba mwanamke aliyeisaga ana mkono mzuri na hana akili.

Kaka alikuwa ametutangulia. Alitutokea amevaa kofia yenye kitambaa kinachoning'inia kisogoni, kaptula yenye mifuko mpaka magotini, na viatu vizito vya kupandia milima, hapo ufukweni, penye mwinuko usiozidi kizingiti. Mkononi alishika fimbo mbili za chuma. Ni mtu mzima mwenye wajukuu. Aliongea Kifaransa na kila mtu, hata na yule mama muuza maembe nje ya geti ambaye Kifaransa chake kilikuwa na maneno matatu. Kimalagasi, alisema, amekisahau chote. Lakini mama muuza maembe alipomnong'oneza mwenzake kwamba huyu mwenye kofia ni bwege, nilimwona kaka masikio yakimwiva.

Nitoe maelezo ya kupumzika kwa faida ya wasiowahi. Asubuhi unakwenda kula chakula kingi kupita haja yako, huku umevaa nguo chache kupita adabu yako. Kisha unalala kwenye kiti kirefu. Jua likikukolea upande mmoja unajigeuza, kama mshikaki unaojihudumia wenyewe. Kila baada ya muda mtu anakuja kukuuliza kama uko sawa, na wewe, ambaye tangu asubuhi hujafanya lolote linaloweza kukuharibu, unajibu kwamba uko sawa. Wenzetu walifanya hivyo siku nzima wakiwa na kitabu kifuani kimefunguka ukurasa uleule. Jioni walikuwa wamechoka.

Chumbani walikuwa wamekunja mataulo yakawa mabata wawili wanaobusiana juu ya kitanda. Mama aliyakunjua, akayakunja vizuri kama mataulo, akayaweka kabatini. Kesho yake mabata walirudi. Akawakunjua tena. Vita hiyo iliendelea siku zote tulizokaa pale, na naamini yule mfanyakazi wa vyumba aliifurahia kuliko kitu kingine chochote katika kazi ile.

Kilichomuumiza mama kilikuwa tabasamu. Hotelini wote walitabasamu. Alimuuliza kila mfanyakazi kwao wapi na mama yake kabila gani, na siku ya pili alimpata mtu: mhudumu wa mezani, mtu wa makamo, mzaliwa wa Ambanoro hapohapo kisiwani, mwenye ukoo ambao kwa hesabu za mama ulikuwa wa watani kabisa, halali, bila shaka. Mama akamwangalia kuanzia juu hadi chini, akamwambia kwa Kimalagasi kwamba suruali hiyo nyeupe amemvua maiti, na maiti mwenyewe alikuwa na miguu mizuri kuliko yeye.

Uso wa yule bwana uliwaka. Nilimwona akivuta pumzi, jibu liko tayari ulimini. Wakati huohuo meneja akapita nyuma yake.

"Asante sana, mama," mhudumu akasema. "Karibu samaki."

Mama akasukuma sahani. "Wamemnyoosha ulimi," akaniambia. "Mtu mzima, wamemnyoosha ulimi kama suruali yake."

Nikamwambia kaka twende Mahajanga. Akasema kwamba kesho tuna boti ya kwenda kutazama kasa. Tukaenda, tukamtazama kasa mmoja akila majani chini ya maji, huku watu kumi na kitu wakielea juu yake na mabomba mdomoni, na kasa akala kwa utulivu wa mtu aliyezoea kusumbuliwa na wageni. Nikamwambia kaka, haya, Mahajanga. Akasema tuna kisiwa cha kima wadogo wa Kimalagasi, wale wenye macho ya mviringo. Tukaenda. Kima wakaturukia mabegani kutaka ndizi, mmoja akamkojolea kaka ile kofia, na hiyo, nakiri, ndiyo saa pekee niliyopumzika.

Mahajanga, kaka alianza kusema, ni joto. Mahajanga ni vumbi. Mahajanga hakuna cha kuona, na ukweli ni kwamba yeye hakuja Madagaska kulala kwenye viti kama hawa wengine. Yeye si mtalii. Yeye anatafuta njia ambazo watalii hawazijui. Na kwa kesho amepata moja.

Njia isiyojulikana na watalii ilianza kwenye kijiji kilicho ukingoni mwa msitu, na tulipofika tulikuta watalii wamepanga foleni. Magoti ya mama hayakuweza kupanda, basi tukamwacha kijijini na wanawake waliokuwa wakianika vanila, nami nikaenda, kwa sababu kaka alitaka shahidi. Kiongozi wetu alikuwa mchangamfu na mwongo kidogo. Alituonyesha kinyonga mdogo kama kucha kwenye tawi fulani, akashangaa naye kwa kumwona. Tulipokuwa tunateremka, kinyonga yuleyule alikuwa kwenye tawi lilelile anaonyeshwa kundi jingine, na kiongozi wao naye akashangaa. Kaka alipiga picha mara zote mbili.

Alipanda kwa zile fimbo mbili kama mgonjwa aliyetoroka wodini. Kila penye nafasi alisimama akavuta pumzi kwa kelele na kutuambia tusikilize ukimya. Karibu na juu, akiwa amelowa jasho na matope mpaka mapajani, alinyoosha mkono kuonyesha miti.

"Hii," akasema, "hii ndiyo Madagaska ya kweli."

"Na ile iliyotufukuza ilikuwa ya bandia?"

Nilisema kwa hasira, maana ndivyo ninavyosema mambo mengi. Kaka alikaa juu ya jiwe. Akavua kofia. Akaanza kusafisha matope kwenye fimbo kwa jani, taratibu, na alipoongea aliongea Kingazija, lugha ambayo sikuwa nimemsikia akiitumia tangu tufike.

"Mimi ndiye niliyegonga," akasema. "Wewe ulikuwa umeshikwa mkono. Mama alikuwa anaita. Mimi niligonga mpaka nikaona damu hapa." Akanionyesha vifundo vya vidole, ambavyo havikuwa na kovu lolote. "Sasa nikifika pale nifanye nini? Nigonge tena?"

Nilimhurumia. Niliweza hata kumgusa bega. Kisha akasimama, akavaa kofia, akasema kwamba kuna maporomoko ya maji ambayo hayako kwenye ramani, na huruma ikaniisha.

Tulimkuta mama kijijini amekaa peke yake kwenye kiti cha plastiki, katikati ya uwanja uliofagiliwa. Wanawake wa vanila walikuwa wameketi mkekani mbali naye, wakicheka mambo yao. Alikuwa amejaribu. Alikuwa amewaambia vanila yao inanuka kama soksi, na wao wakaitika kwa heshima, wakaenda kumtafutia kivuli.

"Wameniletea kiti," aliniambia. Alisema kama mtu anayesema wamenipiga.

Asubuhi iliyofuata mama hakuja kula. Nilimkuta mapokezi amekaa juu ya begi lake, amejitanda, amevaa viatu. Kaka alimweleza kwa upole kwamba bado tuna siku mbili zilizolipiwa, na leo kuna watu watakuja kukanda wageni migongo kwa mafuta ya mlangilangi.

"Mimi nimepumzika," mama akasema. "Nikipumzika zaidi ya hapa mtanizika. Nipelekeni."

Kaka alinitazama nimsaidie. Nilikwenda kumwita mbeba mizigo.

Tulivuka kwa boti mpaka Ankify, upande wa bara, na pale kaka akakodi gari, kwa sababu ya magoti ya mama na kwa sababu ya heshima yake mwenyewe. Njia ya kwenda kusini ni ndefu na mbovu na sitaisimulia. Anayependa njia mbovu namkaribisha akaijaribu. Karibu na Mahajanga kaka alifanya jaribio lake la mwisho. Alisema kuna mahali, nje ya mji, penye vilima vya udongo mwekundu na wa zambarau na wa manjano, watu wanatoka Ulaya kuja kuviona, na jua likiwa hivi ndipo panapopendeza.

"Udongo mwekundu wa Mahajanga nimeufua kwenye kaptula zako," mama akamjibu. "Naujua rangi zote."

Dereva akacheka. Kaka hakumwambia asimame.

Mama alipouona mji alikaa wima. Sikumwona akilia wala akinyoosha kidole. Aliuliza tu kwa nini wamepaka msikiti ule rangi mbaya vile. Barabara ya ufukweni walikuwa wanawasha majiko ya mishikaki, wavuta vigari vya abiria wamelala ndani ya vigari vyao, na wageni watatu waliovaa kama kaka walikuwa wakitembea polepole wakipiga picha milango ya zamani ya Wahindi. Mimi sikutaka kutazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku nyingi kumchukia yule, na sikupenda mji unipokonye hasira kwa kuwa na harufu ileile ya kachumbari ya maembe.

Mahabibo. Binamu wa mama alikuwa amepelekewa habari, na alikuwa akitungoja nje. Sikumtambua. Nilikuwa nimembeba kichwani kama mwanamke mkubwa, mwenye mikono ya kufunulia sufuria za watu, na hapa alisimama bibi mwembamba, mgongo umepinda, amejifunga kifuani kitambaa kipya cha salovana chenye mikunjo ya dukani bado. Nyuma yake walipangwa wajukuu kwa vimo.

"Karibuni," akasema. "Karibuni sana. Mmefika salama? Hamkuchoka? Ni heshima kubwa kwetu."

Kwa Kingazija safi kabisa, cha msikitini. Wajukuu wakatupa mikono mmoja mmoja. Mlango ulikuwa wazi, na si ule. Nyumba ilikwishajengwa upya kwa matofali na bati jipya. Kaka, nilimwona, aliinua mkono kidogo mbele ya fremu ile ya mlango, akaushusha, akaingia.

Tulikalishwa kwenye makochi. Yeye alikaa kwenye kigoda. Tukaletewa soda kwenye sinia, kila chupa na mrija wake, na sahani ya biskuti zilizopangwa duara. Alimuuliza mama hali ya Unguja. Akauliza hali ya hewa. Akamsifia kaka kofia. Akasema mama amependeza, Mungu amemuweka vizuri, na kila alipomaliza sentensi alishusha macho. Nimeona wahudumu wa Ambondrona wakiwa na adabu pungufu.

Mama hakuigusa soda. Nilimwona akimtafuta mtu ndani ya yule bibi, kama anayechungulia dirisha la nyumba aliyoambiwa haina mtu.

"Tangu lini wewe ukajua kupanga biskuti?" akaanza. "Siku zote ulikuwa unakula na karatasi yake."

"Karibu, chukua moja," binamu akasema.

"Mwizi wewe. Masufuria yangu uko nayo?"

Nilishtuka, kwa sababu yalikuwa matusi ya zamani, ya kila siku, na bado yalianguka pale sebuleni vibaya sana. Yule bibi aliweka mkono kifuani. Machozi yalikuwa yamemjaa.

"Sikuchukua kitu," akasema. "Wallahi, sikuchukua kitu chenu. Nilikwenda kutazama, palikuwa majivu." Akasogeza kigoda karibu na mama. "Dada, siku ile. Siku ile mlipokuja..."

Ndipo nilipofahamu kitu ambacho mama, nadhani, alikuwa anakijua tangu msafiri wa kwanza aliporudi na zile salamu za Mungu amuweke. Mtani anatukana kwa sababu ana haki juu yako. Yule aliona haki yake iliishia nyuma ya mlango ule, akabaki na adabu peke yake. Sasa alikuwa anataka kuomba radhi, na akiomba radhi itabidi apewe, na wakishapeana watakuwa wanawake wawili wakongwe waliosameheana, waungwana, wanaotumiana salamu. Mama alikuwa amekuja mbali mno kwa ajili ya hilo.

"Siku ile ulikuwa unakula," mama akasema.

Binamu akainua macho.

"Nilisikia harufu mpaka barabarani. Samaki wa nazi. Ulijua nikiingia na wanangu hawa hutabakiwa hata na mwiba. Ndiyo maana ukaburuta kabati. Mchoyo wewe. Watu wanakufa mjini, wewe unalinda samaki!"

Mjukuu mmoja akamtazama mwenzake. Kaka aliinuka, akasema kwa Kifaransa kwamba anakwenda kupiga picha mtaa, akatoka bila kamera. Yule bibi alimkodolea mama macho, mdomo ukimcheza, na nikafikiri kwamba mama amemuua.

"Na wewe," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini sana, "na wewe ulivyokuwa mnene siku zile. Ningekupitisha wapi? Ningebomoa ukuta?"

Mama alipiga ukelele. Alipiga paja lake, akapiga kochi, akasema haya, haya, ndiye huyu, nilijua hajafa huyu mchawi. Na binamu akainuka pale kigodani, akilia na kucheka kwa pamoja, akamvua mama kanga ya mabegani kwa nguvu akajitanda yeye, akaichukua soda yake akainywa yote mbele yake bila mrija. Akapiga kelele jikoni waondoe biskuti hizi za wageni, walete wali. Mama akamwambia wali wake unajulikana, hata mbwa wa Mahabibo walikuwa wakiukimbia. Walikwenda hivyo, mmoja anaanza kabla mwenzake hajamaliza, wameshikana mikono, na mlango ule ukapita katikati yao mara tatu au nne zaidi, kila mara mdogo zaidi, mpaka ukawa kitu cha kuchekesha tu kilichotokea wakati mmoja kuhusu samaki.

Hapakuwa na harufu ya samaki. Nilikuwepo. Nilikuwa mfupi, pua yangu ilikuwa karibu na upenyo wa mlango kuliko ya mtu yeyote, na nilisikia harufu ya moto unaotoka upande wa kwetu, na ya jasho la mama. Mama alikuwa ameutafuta uongo huo, miaka yote ile, mpaka akaupata mmoja ambao ungemtosha mwenzake kupita ndani yake. Najua ni kazi kubwa kiasi gani. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa lolote alilonifanyia. Na nilikaa pale kwenye kochi nikiwa nimemkasirikia kupita nilivyowahi kumkasirikia mtu.

"Njoo," mama akaniita, akijifuta macho. "Njoo umwamkie mama yako mdogo."

Nilikwenda. Yule bibi akanishika kidevu, akanigeuza uso huku na huku kwenye mwanga wa mlango. Macho yake yalikuwa bado na maji, lakini yalikuwa yameamka. Nilimwona sasa yule mwenye mikono ya kufunulia sufuria.

"Sura mbaya hii ni ya baba yake," akasema. "Huyu naye atasema alikuja kunitazama mimi, kumbe amefuata wali."

Akangoja. Mama naye akanitazama, ametabasamu, anangoja. Sebule nzima ilijua ni zamu yangu. Majibu yalikuwepo, nimelelewa nayo, nilikuwa na matatu au manne ulimini.

"Asante sana," nikamwambia. "Nyumba yako ni nzuri. Tumefurahi kufika."

Mkono ukatoka kidevuni kwangu. Alinielewa mara moja. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyekuwa na haja ya kutafsiriwa. Akainama, akaokota chupa tupu pale chini, akaniuliza kwa adabu kama ningependa soda nyingine.